Siti ya ngozi ya baiskeli: maswali tunayoulizwa sana Moshi na Arusha

Hapa tunazungumzia siti ya ngozi ya kizamani: kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, kimevutwa kati ya chuma cha nyuma na pua ya mbele, na chini yake hakuna kitu ila hewa. Siti ya sponji iliyovalishwa plastiki nyeusi inayong'aa haimo humu, hata muuzaji akikuapia kwamba ni ngozi.

Siti imekakamaa vile, itanipaje raha kuliko siti laini ya sponji?

Ulaini unaousikia ukibonyeza kwa kidole gumba dukani haukuambii lolote kuhusu saa ya pili ya safari. Ukikaa juu ya baiskeli, uzito wako unatakiwa ubebwe na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao. Sponji nene inaipokea mifupa hiyo, mifupa inazama, kisha sponji iliyobaki katikati inapanda juu na kusukuma msamba, palepale penye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana mtu anatoka Moshi akiisifia siti yake mpya, akifika njia panda ya KIA anaendesha amesimama.

Ngozi inafanya kazi kama kitanda cha kamba. Imeshikwa kwenye kingo tu, katikati inaning'inia, kwa hiyo inabonyea kidogo pale penye uzito na kubaki imenyooka kwingine. Kadiri unavyoiendesha ndivyo inavyoshika umbo lako, mpaka yanatokea mabonde mawili madogo unayoyaona kwa macho. Zaidi ya hapo inapitisha hewa. Anayeendesha mchana kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, jua likiwa utosini, anajua kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Lakini kama safari yako ni kutoka Pasua kwenda sokoni na kurudi, siti yoyote yenye upana unaokufaa itakutosha. Hela iliyobaki ipeleke kwenye tairi na breki.

Nipimeje upana unaonifaa?

Tafuta boksi la katoni lenye mawimbi ndani, lile la chupa za maji au la biskuti, ukate kipande cha kukalia. Kiweke juu ya ngazi ya saruji au stuli ngumu ya mbao. Vaa nguo nyepesi, mifuko ya nyuma iwe mitupu. Kaa, weka miguu juu ya tofali ili magoti yapande kidogo, inama mbele kwa kiasi kilekile unachoinama kwenye baiskeli yako, kisha shika ukingo wa stuli kwa mikono miwili ujivute chini. Hesabu taratibu mpaka 30. Ukiinuka utakuta mabonde mawili. Yasipoonekana vizuri, laza chaki ubavu uipitishe juu ya katoni: palipobonyea patabaki bila rangi. Tia nukta katikati ya kila bonde na upime kutoka nukta hadi nukta.

Watu wengi wanaangukia kati ya sm 10 na sm 15. Kwa siti ya ngozi tunaongeza sm 4 hadi 5 juu ya kipimo hicho, maana upana unaotajwa na kiwanda ni wa ukingo hadi ukingo, na huko nyuma ukingoni kuna chuma na vichwa vya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia ngozi. Mifupa ikitua juu ya chuma, hakuna mafuta wala mazoea yatakayokuokoa. Mwenye sm 12 basi aanze kutazama siti za sm 16 au 17.

Usikubali kukadiriwa kwa macho. Mtu mnene anaweza kuwa na mifupa iliyokaribiana, na mwembamba akawa na iliyoachana.

Usukani wangu uko juu, nakaa wima. Kuna tofauti?

Kubwa kuliko tofauti ya jina la kiwanda, na ndiyo watu wanayoiruka.

Anayekaa wima, kama wazee wetu kwenye Phoenix na Avon zao, anaweka karibu uzito wote nyuma. Huyo anahitaji siti pana yenye springi. Kwa Brooks, kiwanda cha siti za ngozi cha Uingereza, siti ya namna hiyo ni B67, yenye upana wa karibu sm 21. Ukiinama kiasi, mikono ikabeba sehemu ya uzito, nyonga inazunguka mbele na unakalia sehemu nyembamba zaidi ya mifupa yako. Hapo ndipo pa B17, karibu sm 17, siti ya watu wa masafa marefu ambayo imekuwa kwenye katalogi za kiwanda tangu miaka ya 1890. Machalii wa Arusha wenye baiskeli za mbio, ambao usukani wao uko chini kuliko siti, waangalie zile nyembamba: Team Pro ya karibu sm 16, au Swift ya karibu sm 15.

Sasa mtu ana baiskeli ya mbio, anasikia kwamba B67 ni kochi, anaifunga. Mapaja yanasugua kingo kila akizungusha pedeli, baada ya wiki ana michubuko, na lawama zote anaitupia ngozi. Mwingine ana baiskeli ya kukaa wima, anapenda umbo jembamba la Swift kwa sababu linapendeza kwenye picha. Mifupa yake inaning'inia nje ya siti. Kabla ya kuchagua jina lolote, mwombe mwenzako akupige picha ya ubavuni ukiwa umekaa juu ya baiskeli yako, mikono kwenye usukani kama siku zote. Hiyo picha itakuchagulia nusu ya siti.

Nakaa Kibosho, njia ni mawe matupu. Nichukue yenye springi?

Kama unakaa wima, ndiyo. Flyer, kwa mfano, ni B17 ileile iliyowekwa juu ya springi mbili, na inaongeza zaidi ya gramu 300. Kwa anayepanda kutoka mjini mpaka Uru au Kibosho gramu hizo si chochote ukilinganisha na ndoo aliyofunga kwenye keria. Springi zinameza vizuri ile mitikisiko midogo midogo ya changarawe, pamoja na rasta za barabara kuu ya Arusha.

Kama unainama sana, springi za nyuma hazina kazi, maana uzito wako hauko juu yake. Na kwenye mteremko wa mawe hakuna siti itakayokusaidia: simama juu ya pedeli, kunja magoti, acha baiskeli icheze chini yako.

Kabla hujatoa hela, punguza upepo kidogo kwenye tairi, au funga tairi nene zaidi kama fremu inaruhusu. Wengi wanaokuja kulalamikia siti tunakuta tairi imejazwa mpaka inalia ukiigonga.

Springi zikianza kupiga kelele, tone la oili kwenye maungio linatosha, lakini lifute lisiifikie ngozi.

Kuna siti za wanawake?

Zipo. B17 na B67 zina toleo fupi, lenye herufi S mwisho wa jina. Nyuma ni pana, pua ni fupi, ili gauni lisinase mtu anapopanda na kushuka. Mama anayeendesha amevaa gauni au kanga atashukuru. Ila pua fupi inakupunguzia nafasi ya kusogea mbele na nyuma safarini, na dada anayevaa suruali au bukta na kuinama anaweza kuridhika zaidi na siti ya urefu wa kawaida.

Anayebanwa katikati, awe mwanamke au mwanamume, atafute zile zilizotobolewa mfereji katikati. Brooks wanaziita Imperial; Selle Anatomica ya Marekani inajulikana kwa mfereji wake mrefu. Siti iliyotobolewa inalegea upesi kidogo, ndiyo maana nyingi zina matundu ya kamba ubavuni za kuivuta isitanuke.

Nimeona siti ya ngozi kwenye mitumba. Nikague nini?

Igeuze kwanza, sehemu ya juu inaweza kupakwa kiwi ikang'aa, chini hapadanganyi. Utaona upande wa ndani wa ngozi, wenye nyuzinyuzi. Ukiona kitambaa, sponji au plastiki, irudishe. Tazama unene kwenye ukingo: ngozi ya siti nzuri ina milimita 5 hivi, na ukingo wake ni ngozi tupu mpaka katikati, si tabaka zilizogundishwa.

Kisha pitisha kidole kuzunguka kila ribiti, hasa zile za nyuma na zile za puani. Huko ndiko ngozi inakofia. Tundu la ribiti likiwa limevutika likawa umbo la yai, au kuna ufa unaotoka tundu moja kwenda jingine, siti hiyo imebakiza miezi. Mikunjo midogo ya juu isikutishe. Ufa unaoingia ndani kiasi cha kushika ukucha ukutishe.

Bonyeza katikati kwa kiganja, kwa nguvu. Iende chini kidogo na kurudi. Ikienda chini mpaka ikakaribia vyuma, imechoka. Angalia pia kama ina bonde upande mmoja kuliko mwingine: aliyekuwa nayo alikaa upande, na wewe utarithi mkao wake.

Mwisho, chungulia chini ya pua. Kuna bolti ndefu na nati yake, ndiyo inayosukuma pua mbele na kukaza ngozi. Ikiwa nyuzi za bolti zimekwisha kwa kutu, au nati imefika mwisho haina pa kwenda, punguza bei au ondoka. Vyuma viwili vya chini visiwe vimepinda. Kutu ya juu juu si neno, msasa unaimaliza.

Raleigh nyingi za zamani zilikuja na siti za Brooks, na bado kuna nyumba za Marangu na Machame ambako baiskeli ya babu imesimama stoo na siti yake juu. Omba kwa adabu kabla hujaenda dukani.

Itachukua muda gani kunizoea?

Ukiwa na upana sahihi, siti inakubalika tangu siku ya kwanza, na inakuwa yako baada ya kilomita mia kadhaa. Maumivu ya kuzoea yanakuwa kwenye mifupa, yanapungua wiki hadi wiki. Maumivu mengine yoyote ni ya upana au ya ufungaji, wala hayaishi kwa kuvumilia.

Anza na safari fupi. Siti mpya isiende Arusha siku ya kwanza: kilomita 80 hivi, upepo wa uwanda wa Boma Ng'ombe usoni, na barabara inayopanda kutoka chini ya mita 1,000 mpaka karibu mita 1,400. Utaichukia bure.

Fundi ameniambia niiloweke ndani ya maji usiku kucha, au niipake oili ya injini ilainike. Nifanye?

Usifanye hata moja. Ngozi iliyolowa maji ikikaliwa inavutika ovyo, na ikikauka inabaki hivyo. Oili inalainisha kweli, na haiishii hapo. Inaendelea kulainisha mpaka nyuzi zinapoteza nguvu na siti inakuwa machela. Mafuta ya kupikia hali kadhalika, na hayo yananuka juu ya hapo. Ugumu wa ngozi ndio unaokubeba.

Basi nipake nini?

Kidogo kuliko unavyodhani. Brooks wana mafuta yao yanayoitwa Proofide, yana mafuta ya wanyama na nta ndani yake, na kopo dogo linakaa miaka. Ukilikosa, chemsha kwa moto wa chini nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, nta iwe nyingi kuliko mafuta, koroga, acha yagande. Paka kwa kitambaa, safu nyembamba, juu na chini, acha usiku, asubuhi futa na usugue mpaka kitambaa kitoke kikavu. Siti mpya ipate mara chache katika miezi ya mwanzo. Baada ya hapo mara mbili kwa mwaka inatosha: kabla ya masika, na kiangazi kikikolea.

Upande wa chini unakunywa zaidi, na wengi wanausahau.

Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yanabaki juu na kukusanya vumbi, na vumbi letu lina mchanga unaosaga. Kiwi ya viatu inang'arisha, ila ya rangi itahamia kwenye suruali.

Masika je?

Hapa ndipo ngozi inapodai malipo yake. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru haina adabu, na siti ya ngozi iliyolowa haitakiwi kukaliwa. Beba kifuniko. Zamani kila mtu alifunika kwa mfuko wa rambo. Tangu mifuko hiyo ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kilichobaki rahisi ni kofia ya kuogea yenye mpira, ile ya saluni. Inakaa barabara, inakunjika, inaingia mfukoni.

Maji mabaya zaidi yanatoka chini. Tairi la nyuma linarusha matope moja kwa moja kwenye upande wa ndani wa ngozi, usiopakwa rangi. Baiskeli isiyo na madigadi la nyuma haifai kuwa na siti ya ngozi, nukta.

Ikilowa, ifute, iache ikauke kivulini yenyewe. Usiiweke juani, wala karibu na jiko. Ikikauka kabisa, ipake mafuta kidogo. Ikiwa huwezi kuyafanya haya na unaendesha kila siku mvua ikinyesha, Brooks wenyewe tangu 2013 wanatengeneza siti ya mpira na kitambaa iitwayo Cambium, yenye mtindo uleule wa kuning'inia na isiyoogopa maji. Haitachukua umbo lako kama ngozi, lakini haina masharti.

Ile bolti ya puani niikaze lini?

Mara chache mno. Siti ikianza kuzama katikati, au ukisikia ngozi inagusa vyuma kwenye shimo, kaza robo duru, endesha wiki nzima, ndipo utazame tena. Mtu mwenye spana mkononi ana hamu ya kukaza mpaka siti iite ngoma. Anachofanya ni kuzivuta ribiti zitoboe ngozi, na kuirudisha siti kwenye ugumu wa siku ya kwanza. Siti mpya isikazwe kabisa.

Ikitanuka ubavuni mpaka inasugua mapaja, dawa si bolti. Toboa matundu matatu au manne kila upande, chini, pita kamba ya viatu kutoka upande hadi upande, vuta kiasi. Fundi viatu yeyote ana chombo cha kutobolea.

Napata ganzi huku chini. Siti ni mbaya?

Huenda imefungwa vibaya. Anza na urefu: weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kupinda. Ukihamia kwenye nyayo za mbele, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo. Siti iliyo juu mno inakufanya uyumbe kulia na kushoto, ikikusaga.

Halafu mwinamo. Azima pima maji kwa fundi ujenzi, ilaze kutoka nyuma mpaka puani, weka siti sawasawa. Siti za ngozi nyingi zinapendeza pua ikiwa juu kidogo, kwa sababu katikati inabonyea, na pua ikiwa sawa na nyuma wewe unateleza mbele. Inua kidogo kidogo, siku moja moja. Ukijikuta unajisukuma nyuma kwa mikono, viganja vinauma, pua iko chini mno. Ukisikia unabanwa msamba, iko juu mno.

Vyuma vya chini vya siti za ngozi ni vifupi, kwa hiyo nafasi ya kuisogeza mbele au nyuma ni ndogo. Kama umeifikisha mwisho na bado unaona uko mbele mno, tatizo ni bomba la siti, tafuta lililopinda nyuma.

Ganzi isiyoondoka baada ya kushuka na kutembea, au kidonda kisichofunga, hiyo si kazi ya fundi baiskeli. Nenda hospitali.

Nina kilo 110. Itanibeba?

Ndiyo. Ngozi nene inawapenda watu wazito, inazoea upesi zaidi. Chagua ngozi nene na vyuma vya kawaida. Acha zile nyepesi za titani. Kwa mwenye kukaa wima, B33 ina springi kubwa mbele na nyuma, na imetengenezwa kwa ajili ya baiskeli nzito za kizamani.

Itaingia kwenye Phoenix yangu?

Siti za sasa zenye vyuma viwili vyembamba, kimoja kila upande, zinaingia kwenye kile kibano cha kawaida cha bomba lililonyooka. Angalia kwa makini B66: inafanana na B67 kila kitu, ila ina vyuma viwili kila upande, na hizo zinataka kibano cha zamani chenye kipande cha kujaza kati ya vyuma. Watu wanaagiza moja wakidhani ni nyingine. Kibano cha zamani bado kinapatikana kwa mafundi wenye makopo ya vyuma chakavu.

Fundi viatu anaweza kuvisha ngozi mpya kwenye fremu ya siti iliyochakaa?

Anaweza, na kwa maoni yetu hii ndiyo njia inayowafaa watu wa huku kuliko kuagiza nje. Moshi si mji mgeni kwa ngozi: kuna kiwanda cha viatu Karanga, na Himo kuna kiwanda cha kusindika ngozi. Mafundi wapo.

Kila kitu kinategemea ngozi utakayompelekea. Ngozi ya juu ya viatu, nyingi husindikwa kwa kemikali ya kromu. Ni laini, inavutika, na ndani ya miezi siti inakuwa bembea. Unataka ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, ngumu, ya rangi ya udongo, ile mafundi wanayoiita ngozi ya soli. Dawa ya magome ya miwati inatengenezwa hapa hapa nchini, Njombe, tangu enzi za mkoloni. Unene uwe milimita 5, sehemu ya mgongoni mwa ng'ombe, isiwe ya tumboni ambako ngozi inanyambulika.

Fundi aitoe ngozi ya zamani bila kuichana, atumie kama kielelezo. Ile mpya inaloweshwa mpaka ikunjike, inavutwa juu ya kibao kilichochongwa umbo la siti, inapigiliwa misumari kingoni, inaachwa siku kadhaa kivulini. Hii ndiyo mara moja tu maji yanaruhusiwa. Ikikauka inatobolewa na kufungwa kwa ribiti za shaba zenye kichwa kipana. Ribiti za bati za mikoba usikubali, zinapasua ngozi. Kabla ya kufunga, bolti ya puani irudishwe nyuma kabisa, ili uwe na nafasi ya kukaza miaka ijayo.

Berthoud wa Ufaransa wanafunga ngozi ya siti zao kwa skrubu badala ya ribiti, mwenye siti aibadilishe mwenyewe nyumbani. Fundi hodari akiona siti hiyo mara moja, atakuuliza kwa nini yako asiifunge hivyohivyo.

Lazima iwe Brooks?

Si lazima. Jina ni la zamani: John Boultbee Brooks alianza na bidhaa za ngozi Birmingham mwaka 1866, na hataza yake ya kwanza ya siti ni ya 1882. Kampuni husimulia kwamba farasi wake alikufa, akaazima baiskeli, siti ikamtesa, akaamua kutengeneza yake. Tangu 2002 iko chini ya Selle Royal ya Italia, lakini siti za ngozi bado zinatoka Smethwick, pembeni ya Birmingham. Wapo pia Lepper wa Uholanzi, na wapo watengenezaji wa India ambao bei zao zinavumilika zaidi. Hao wakague moja moja, hasa unene na ribiti, maana ubora unapanda na kushuka hata ndani ya boksi moja.

B17 mpya Uingereza inazidi paundi 100. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, ndipo uamue.

Itachafua nguo?

Nyeusi na kahawia zilizokolea zinaacha rangi mwanzoni. Usivae suruali nyeupe ya kanisani. Kinachosahaulika ni mbwa: ngozi iliyopakwa mafuta ya kondoo kwake ni mfupa. Panya pia. Iingize ndani usiku.

Na wezi?

Pitisha mnyororo mwembamba wa baiskeli kwenye vyuma vya chini ya siti mpaka kwenye fremu, uvalishe mpira wa tyubu usipige kelele, na uufunge kwa kifuli kidogo. Kibano chenye mkono wa kufungulia bila spana ubadilishe kwa bolti ya kawaida. Tundu la kichwa cha bolti, wengine wanaliziba kwa nta na gololi ya chuma. Ukitaka kufungua unaichokoa kwa sindano, na mwizi wa stendi hana muda huo.